Alicheka Baada ya Wengine

Nilianza kuangalia tamthilia siku ya kumi na mbili baada ya kumzika mke wangu. Sikuianza kwa kuipenda. Nilitaka niwe na neno la kuchangia wanawake wakikaa kuizungumza, ili wanizoee, na wakishanizoea wasinyamaze nikifika. Pale kijijini wengine walisema majonzi yamenichanganya, wengine wakasema natafuta mke mapema. Sikuwa na hili wala lile. Nilikuwa napeleleza, na niliyekuwa nikimpeleleza ni marehemu.

Nieleze kwanza alivyofariki, maana bila hilo mengine hayataeleweka.

Alikuwa anarudi kutoka shambani asubuhi, beseni la mihogo kichwani, akitembea pembeni mwa barabara ya vumbi inayoshuka kuelekea Mahurunga. Mahali pale barabara imenyooka. Hakuna kona, hakuna kichaka, mikorosho imekaa mbali na njia. Pikipiki ikaja nyuma yake. Mbele yake kulikuwa na dimbwi, akalikwepa kwa kuingia katikati ya barabara, na pikipiki ikamkuta hapohapo. Walimpakia kwenye gari la watu waliokuwa wanapeleka samaki mjini. Hakufika.

Dereva wa ile bodaboda, mtu mzima mwenye mke na watoto, mwenyeji wa upande wa Ziwani, hakukimbia. Alikaa chini barabarani akalia mpaka watu wakaja. Polisi walimchukua, baadaye wakamwachia kwa dhamana. Kwa kila aliyemwuliza alisema maneno yaleyale: nilipiga honi, mara tatu, mama hakugeuka.

Siku ya tatu ya matanga wazee wake watatu walikuja kwangu na mbuzi na gunia la mchele. Walikaa kwenye mkeka, wakatoa pole, tukasoma Fatiha. Kisha mkubwa wao akasema:

"Mzee mwenzetu, tumekuja kuomba radhi. Ndugu yetu hakukusudia. Honi alipiga, na sisi tunamjua, si mwongo. Lakini marehemu, Mungu amrehemu, hakugeuka kabisa. Utadhani mwenyewe ndiye aliyekusudia."

Alijua amekosea kabla hajafunga mdomo. Mwenzake alimfinya paja, nikaona.

"Mbuzi wenu rudini naye," nikasema. "Jibu langu mtalipata siku ya arobaini."

Askari alikuwa ameshaniambia kwamba nitaitwa kueleza ninachokijua juu ya marehemu, kama alikuwa mzima, kama alikuwa na tatizo lolote. Nilijua nitakachosema. Mke wangu alikuwa na akili zake timamu na viungo vyake vyote, na mtu anayedai alimpigia honi mara tatu kwenye barabara iliyonyooka ni mwongo. Akifungwa, afungwe.

Lakini neno la yule mzee lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Kwetu hakuna jambo zito kama kusema marehemu alijitakia. Ama yule dereva ni mwongo, ama mke wangu alikuwa na jambo moyoni ambalo mimi sikulijua. Nilichagua la kwanza. Jioni ya siku ileile la pili likaanza kunifuata.

Nilikwenda nyuma ya nyumba kuchukua maji ya kutawadha. Wanawake walikuwa wanaosha masufuria, wanaongea kwa ile sauti ya chini ya msibani, ila mazungumzo yao hayakuwa ya msiba. Walikuwa kwenye tamthilia. Ni ile ya familia ya kitajiri kwenye jumba lenye ngazi, imetoka nje ya nchi ikaingizwa sauti za Kiswahili, na wakati ule ilikuwa haipiti siku bila kuzungumzwa. Mmoja alisema mama mkwe ni shetani, tangu amfukuze mkwewe hata aibu hana.

Sijui kilichonisukuma. Labda ni upweke. Nikasema, "Si alishampa ufunguo wa nyumba? Walipatana."

Wote wakaniangalia.

"Nani kakwambia walipatana, baba?" aliuliza mmoja wao, mwanamke kijana aliyeolewa jirani na sisi.

"Marehemu ndiye alinisimulia."

Wakatazamana. Shoga yake mke wangu, yule ambaye nyumbani kwake ndiko walikokuwa wakiangalia, aliinama akaendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata.

"Shemeji, maji yako yale pale kwenye ndoo ya bluu," akasema.

Hakunitazama. Hapo ndipo nilipoanza.

Kwa karibu miaka miwili mke wangu alikuwa akiondoka kila siku baada ya Alasiri kwenda kwa huyo shoga yake, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Wanawake hukusanyika pale na korosho zao wakabangua barazani, na saa kumi na moja wanaingia ndani, televisheni inawashwa. Sisi hatukuwa nayo. Kabla ya Magharibi alikuwa amerudi. Akisonga ugali, mimi nimekaa kwenye kigoda upande wa pili wa moto, alinisimulia yote aliyoyaona. Mimi ni mtu wa maneno machache tangu utotoni. Nilikuwa nikitikisa kichwa tu. Yeye alisimulia mpaka ugali ukaiva, akasimulia tukila, akasimulia akisuuza vyombo.

Watu wa tamthilia yake walikuwa watu wema. Mama mkwe alikuwa mkali lakini mwenye huruma, na siku moja alimpa mkwewe ufunguo, ishara kwamba amemkubali. Dereva wa tajiri aliegemea ukuta akalia kwa sababu amepata habari za kifo cha mama yake. Baba mwenye nyumba alipopayuka mezani, alikuwa akimgombeza mtumishi kwa kuwapakulia wengine na kujisahau mwenyewe. Sikuwahi kuwaona, ila niliwazoea. Nikiwa shambani napalilia, mara nyingine niliwawaza kama majirani.

Sasa kama mama mkwe hakumkubali mkwewe, mke wangu alikuwa wapi siku ile? Na kama alinidanganya siku ile, siku nyingine je? Miaka miwili, kila siku, saa nzima na ushei.

Nitasema yote. Nilifikiria wanaume. Nilimfikiria muuza samaki anayepita na baiskeli, ambaye hakuwa akimtajia mke wangu bei kwa mdomo kama anavyowatajia wengine, alikuwa akimwonyesha kwa vidole huku anacheka. Niliona ni mazoea ya watu wawili. Nilimfikiria mwalimu wa madrasa, Mungu anisamehe. Nilikumbuka kwamba watoto wetu wawili, ambao wameolewa mbali, walipopiga simu alinipa mimi niongee. "Waambie nawasalimia," alikuwa akisema, kisha anatoka nje. Mama gani hataki sauti ya wanawe, kama hana linalomsuta?

Siku ya kumi na mbili nilibeba kapu la korosho nikaenda kwa shoga yake. Nilisema nimekuja wanibangulie, nami nitakaa nisaidie. Kilikuwa kisingizio kibovu. Barazani pale alikuwepo bibi mmoja ambaye ni mtani wa ukoo wetu, miguu ameinyoosha, majivu vidoleni ili mafuta ya maganda yasimbabue. Alipoinua macho akapiga kelele:

"Haya, wenzangu! Mwanamume hana eda, huyo kashatoka! Amekuja kuchagua!"

"Nimekuja na korosho, mtani."

"Korosho! Na hiyo kanzu iliyopigwa pasi nayo ya korosho? Hebu sogea nikutazame meno. Sitaki bwana mwenye pengo, nitamlisha nini?"

"Lisha uji."

"Uji nimpe bure? Kwanza abangue!"

Wakacheka, wakakumbuka msiba, wakaziba midomo na ncha za kanga. Shoga yake mke wangu hakucheka.

Saa kumi na moja tukaingia ndani. Wanawake walikaa kwenye mikeka, mimi nikatafuta pa kukaa. Kulikuwa na kigoda kimoja kitupu, kimewekwa karibu mno na televisheni, karibu kuliko mtu mwenye macho mazima anavyohitaji. Nilipokinyooshea mkono, mwenye nyumba alinitangulia, akakisukuma kando kwa mguu na kunipa kiti cha plastiki.

"Hicho kibovu, shemeji."

Hakikuwa kibovu. Nilikitazama kwa zaidi ya wiki tatu, na hakuna aliyekikalia.

Tamthilia yenyewe sikuielewa mwanzoni. Watu wengi, wote wamevaa vizuri, wote wana hasira. Nilijifunza majina yao kama nilivyojifunza herufi darasa la kwanza, kwa kuyarudia kichwani njiani nikirudi. Hapo nikagundua jambo lililoniongezea shaka. Wanawake wale walitaja majina kila mara. Mke wangu kwa miaka miwili hakunitajia jina hata moja. Kwake walikuwa ni mama mkwe, mwenye ndevu, binti wa shali ya kijani. Mtu anaangaliaje watu miaka miwili asiwajue majina?

Kwenye kahawa wanaume waliniandama.

"Tunasikia umehama. Mpira umetuachia sisi, wewe umekwenda kwenye mapenzi."

"Mwacheni. Hebu tuambie, jana yule binti kaolewa?"

"Hajaolewa," nikajibu. "Baba yake amekataa kwa ajili ya lile shamba."

Wakacheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Lakini huyohuyo aliyemwaga kahawa alinifuata nilipoinuka, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Amekataa kabisa, au bado anafikiria? Maana mke wangu hanisimulii vizuri."

Mazungumzo ya tamthilia ni kama mlango wa uani. Ukishaupita mara mbili tatu, hakuna tena anayekuuliza unakwenda wapi. Baada ya wiki mbili niliweza kukaa barazani nikabangua, nikasema "yule hafai" au "mwachieni, atajuta", na wanawake wakanijibu bila kujali kwamba ni mimi. Nikaanza kuchomekea maswali yangu.

"Hivi siku ile ya ufunguo ilikuwaje?" niliuliza. "Mimi hiyo ilinipita."

"Ah, baba, siku ile tulilia!" alisema yule jirani kijana. "Alimtupia ufunguo wa kabati kifuani! Akamwambia chukua matambara yako, kabla ya adhuhuri nisikuone!"

"Na yule dereva aliyelia ukutani?"

"Yule mwizi? Alilia kwa sababu wamemkamata!"

Nikaendelea kubangua. Kidole kiliungua nisikisikie. Kwa hiyo ufunguo ulikuwepo. Dereva alilia kweli, na ukuta ulikuwepo. Nilijaribu jambo la tatu, nikajaribu la nne, na kila mara ilikuwa hivyohivyo. Picha zilikuwa zilezile alizonisimulia. Sababu ndizo hazikuwa zile.

Nilitegemea nipumue, maana ilikuwa wazi kwamba mke wangu alikuwa akikaa mle ndani kama alivyosema. Muuza samaki hakuhusika, wala mwalimu. Lakini sikupumua. Nilijiambia: basi alikaa na wenzake, akaona walichokiona, akasikia walichokisikia, kisha akarudi nyumbani akanigeuzia. Kila siku. Alikuwa akinichezea kama mtoto anayedanganywa ili alale. Na anayeweza kusimulia uongo miaka miwili bila kukosea hatua, anaweza kubeba siri nzito zaidi, mpaka siri hiyo imsimamishe katikati ya barabara.

Na wale wanawake walijua. Nilikuwa na hakika nayo. Siku moja yule jirani kijana alilalamika kwamba sauti ya televisheni inawatoboa vichwa. "Si uipunguze sasa, mama? Siku hizi hakuna haja ya..." Mwenye nyumba alimkata: "Iache ilivyo!" Kila mtu akatazama mbele. Nilijiona mimi ni yule mkwe kwenye jumba lenye ngazi, anapita chumba kwa chumba na kila chumba kinanyamaza. Nilimchukia shoga yake mke wangu. Niliamini alimsaidia kunificha jambo, na katika hilo sikukosea.

Arobaini ikafika. Dua ilisomwa kwangu asubuhi, pilau ikaliwa. Wazee wa dereva walikuja wote watatu, safari hii bila mbuzi, wakakaa mwisho wa mkeka. Dereva mwenyewe hakuja. Nilikuwa nimeshaamua. Nitawaambia mbele ya watu: sina radhi, ndugu yenu ni mwongo, na nitasema hivyohivyo polisi. Moyoni sikuwa tena na hakika kwamba ni mwongo. Ila nikimwita mwongo, hakuna atakayeuliza kwa nini mke wangu hakugeuka. Niliona bora yule mtu afungwe kuliko swali lile libaki wazi. Nayaandika haya kwa aibu.

Kabla sijasimama, mtani akatokea.

Kwetu mtani ana ruhusa msibani. Anaweza kulala kwenye mkeka wa mfiwa akakataa kuondoka mpaka apewe kitu. Anaweza kuvaa nguo za marehemu akamwigiza, na hakuna wa kukasirika, kwa sababu ndiyo kazi yake: kuwatoa watu kwenye kilio. Bibi yule alitoka chumbani amevaa kanga ya mke wangu, ile ya zambarau, na beseni tupu kichwani.

Alimpata mara moja. Alimpata alivyokuwa akitembea, bega la kushoto chini kidogo. Alimpata alivyokuwa akipuliza moto huku amekasirika nao. Watu walicheka, wengine wakalia katikati ya kucheka. Mimi mwenyewe nilicheka, mara ya kwanza tangu azikwe.

Kisha mtani akavuta kigoda, akakaa, akasema, "Sasa tunaangalia tamthilia!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Mtani akainua kidevu kama anayetazama kioo cha televisheni. Akatazama mbele, akageuka ghafla akatazama mdomo wa mwanamke aliyekuwa kulia kwake, akatazama mbele, akageuka akatazama mdomo wa mwingine. Wote wakacheka. Yeye alisubiri. Aliwatazama wakicheka, mmoja mmoja, mpaka walipokuwa wanamaliza, ndipo akaachia kicheko kikubwa peke yake.

Nilikijua kicheko kile. Ni kicheko cha mke wangu, na ndivyo kilivyokuwa kikija, baada ya wengine. Mimi siku zote nilidhani ni madaha.

"Mtani, basi!" Shoga yake mke wangu alikuwa amesimama. "Inatosha hiyo! Igiza nyingine!"

Mtani hakumsikiliza. Alimnyooshea shingo mwanamke mmoja na kusema kwa sauti ya mke wangu kabisa: "Eeh? Eeh, mama? Ndiyo, ndiyo."

Ndiyo, ndiyo. Mara ngapi nilijibiwa hivyo mlangoni kwangu, nikauliza hili nikajibiwa ndiyo ndiyo, nikaondoka nikidhani amenidharau?

"Mtani," nikasema. "Hiyo ni nini unayoigiza?"

Aliacha. Alinitazama, akaona kwamba siulizi kwa utani.

"Wewe, mwanamume," akasema taratibu. "Umelala na mtu miaka ishirini na miwili hujui kwamba hasikii?"

Hakuna aliyecheka. Mtani alivua kanga ya marehemu begani, akaikunja, akaiweka kwenye kigoda. Shoga yake alikuja akapiga magoti mbele yangu, jambo ambalo sikulitaka.

"Inuka, shemeji," nikamwambia. "Niambie ukiwa umekaa."

"Aliniapisha kwenye msahafu," akasema. "Tangu ile homa yake ya masika, ile iliyomlaza hospitali. Alitoka masikio yanamvuma, halafu yakawa yanafifia. Ukimwambia uso kwa uso anapata. Ukiwa nyuma yake hapati kitu. Tulijua sisi tunaokaa naye, na wengine waliona tu."

"Kwa nini mimi asiniambie?"

Watu wote walikuwa wakisikiliza, na wazee wa dereva pia.

"Alisema siku moja mlikuwa mnakula, mkamzungumza yule bwana wa bondeni aliyeoa mke wa pili baada ya wa kwanza kupofuka. Wewe ukasema, 'Sasa angefanyaje?' Basi. Neno hilohilo."

Nilikumbuka. Nililisema kweli, kabla ya homa yake, nikiwa natafuna, bila kuwaza. Mimi ambaye sisemi, ndilo nililolisema.

"Na tamthilia?" niliuliza. "Kama hakuwa akisikia, alikuwa akija kuangalia nini?"

"Alikuwa akija kutafuta cha kukusimulia. Alisema, bwana wangu haongei, na mimi sisikii, nyumba itakuwa kaburi. Alisema akiwahi kuongea yeye, wewe hutauliza, na usipouliza hatakosea. Sisi tulimwongezea sauti na kumsogeza karibu, lakini zile ni sauti za kubandika, midomo inakwenda huku, maneno yanakwenda kule. Kwa midomo yetu aliweza kusoma kidogo. Ya wale hakuweza. Alitazama picha, mengine akatunga."

Muuza samaki alikuwa akionyesha vidole kwa sababu alikuwa ameona. Muuza samaki, anayepita mara mbili kwa wiki. Watoto wangu hawakusikika kwenye simu, kwa hiyo akatoka nje. Mtu wa kila siku, wa upande wa pili wa moto, ndiye hakuona, kwa sababu nilipokuwa nikimtazama nilikuwa nikitazama kama ugali umeiva.

Mkubwa wa wale wazee watatu alikohoa. Wakati ule bado kulikuwa na upande wa moyo wangu uliotafuta pa kupita. Ulisema: hata hivyo yule dereva angepunguza mwendo. Ni kweli, angepunguza. Lakini mimi nilikuwa nimemwita mwongo kwa siku arobaini, nikamwita mke wangu jina baya zaidi kimoyomoyo, na katika sisi watatu hakuna aliyekuwa na haki ndogo ya kumwita mwenzake chochote kuliko mimi.

"Mwambieni honi alipiga," nikasema. "Mwambieni nimesema mimi."

Kesho yake asubuhi dereva alikuja kwa miguu kutoka kwao. Pikipiki alisema hajaigusa tangu siku ile. Alikuwa amekonda. Alisimama uani kwangu kama mtu aliyeitwa kwenye baraza la kijiji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ulipunguza mwendo?"

Alitazama chini. Angeweza kusema ndiyo.

"Kidogo tu, baba. Nilidhani anasikia."

"Hata mimi," nikasema.

Tukaenda mjini pamoja. Pale kituo cha polisi dereva aliniacha niingie peke yangu. Askari alifungua faili, akaniuliza marehemu alikuwa na tatizo lolote la mwili au la akili. Nikasema akili zake zilikuwa nzuri kuliko zangu, lakini masikio yalikuwa yamekufa kwa karibu miaka miwili, na mtu aliyekuwa nyuma yake hakuwa akimsikia, awe na honi au asiwe nayo. Nikasema pia kwamba dereva amekiri hakupunguza mwendo sana. Askari aliandika yote mawili.

"Wewe ulilijua lini hili la masikio?" akauliza.

"Jana."

Kalamu ikasimama.

"Mliishi pamoja miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili."

Aliinua uso akanitazama, kuanzia kofia mpaka kandambili, kwa jicho lile nililomtazamia dereva, na muuza samaki, na wanawake wa barazani. Kwa mtu asiyenijua, aliyefanana na mwongo mle ndani nilikuwa mimi. Nilimwacha anitazame.

"Hebu rudia," akasema, "niandike vizuri."

Nikarudia.